Juri la Msimu wa Utomvu

Sherifu alinikamata dukani kwa Garneau nikinunua vitambaa vya kuchujia shira. Nasema alinikamata kwa sababu sioni neno jingine. Aliingia na theluji kwenye viatu, akavua kofia, akatutazama sote tuliokuwa mle ndani kama mtu anayechagua kuku sokoni.

"Wewe," alisema. "Wewe. Na wewe, binti, wa vitambaa. Twendeni mahakamani."

"Nimefanya nini?" niliuliza, kwa sauti ambayo hata mimi mwenyewe sikuisikia vizuri.

"Hujafanya kitu. Ndiyo maana unafaa."

Walioitwa kwa barua hawakutosha kujaza viti vya juri, na sheria yetu inamruhusu jaji kumtuma sherifu barabarani akalete yeyote anayemkuta. Ukikataa unashtakiwa wewe. Garneau alicheka hadi akaegemea kaunta. "Tess Charbonneau kwenye juri!" alisema. "Huyo hata bei haulizi. Anasubiri nimtajie."

Hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini watu hawakufika. Ilikuwa Machi. Usiku maji yalikuwa bado yanaganda na mchana jua lilianza kuuma shingoni, na katika wiki kama hiyo kwenye kaunti yetu ya milimani hakuna mwenye miti ya sukari anayekubali kukaa ndani ya chumba. Utomvu mtamu wa miti hiyo ukianza kudondoka kwenye ndoo zilizotundikwa mitini, unakusanywa siku hiyo na kuchemshwa siku hiyo uwe shira, la sivyo unachacha. Machipukizi yakifunguka, basi, hadi mwaka ujao. "Utomvu haungoji," husema watu wa huku, na nimewasikia wakisema hivyo hata makaburini, jeneza likiwa bado juu.

Lakini kulikuwa na mtu aliyekuwa amengoja. Jina lake Remy Boucher, mkata magogo wa miaka ishirini na miwili, ambaye sikuwahi kumwona kabla ya siku ile. Shauri lake lilipangwa kwanza Novemba, na Novemba ni msimu wa kuwinda kulungu. Nusu ya walioitwa walikuwa msituni, au walisema wako msituni. Likapangwa tena karibu na Krismasi, likavunjika. Likapangwa Januari, dhoruba ikafunga barabara. Muda wote huo Remy alikuwa rumande, kwa sababu mama yake hakuweza kumwekea dhamana. Alipoingizwa mahakamani alikuwa amevaa suti ya mtu mwingine, mikono ya koti ikiishia juu ya vifundo vya mikono, na masikio yake yalikuwa mekundu. Nilitazama masikio yale kwa sababu niliona aibu kutazama macho.

Nilipewa kiti cha tisa.

Shauri lenyewe halikuwa refu. Oktoba iliyopita, asubuhi ya baridi, naibu wa sherifu aitwaye Coburn alikwenda nyumbani kwa akina Boucher kwa sababu ya gari la magogo lililoziba njia. Walibishana barazani. Coburn akaanguka kwenye ngazi, akavunjika mkono. Yeye alisema Remy alimsukuma kwa mikono miwili. Remy alisema hakumsukuma. Alisema Coburn ndiye aliyemkamata mkono wa shati, yeye akajivuta, na ngazi ilikuwa na barafu. Jirani mmoja aliona kutoka dirishani kwake, ng'ambo ya barabara, lakini alichoona ni mikono ikienda huku na huku. Kumpiga askari si jambo dogo kwetu. Remy angekwenda gerezani kwa miaka, na akitoka hakuna kampuni ya mbao ambayo ingempa msumeno.

Wakili wake, Bi Haskell, mwanamke mwenye mafua yasiyoisha, alimuuliza Coburn swali moja ambalo liliniganda kichwani.

"Kabla hujaanguka, ulikuwa umemshika mkono wa shati?"

Coburn alitazama mkono wake uliopona. "Sikumbuki," alisema.

Nikageuka kidogo kuona kama wenzangu wamesikia. Kushoto kwangu, Bernadette Roy alikuwa amelala. Kichwa chake kilikuwa kimeniegemea begani tangu baada ya chakula. Bernadette hufanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mahakama haikumuuliza analala saa ngapi. Alitoka kazini asubuhi, akaja kwenye juri, akatoka kwenye juri, akarudi kazini. Sikumwamsha. Nilimwonea huruma, nikaketi wima ili asianguke. Kulia kwangu Duane Pelkey, mfugaji wa ng'ombe, alikuwa akitazama dirisha. Nje, kwa mara ya kwanza mwaka ule, bomba la paa lilikuwa linadondosha maji.

"Utomvu umeanza," Duane alinong'ona, na hakuwa anazungumza na mimi.

Chumba cha juri kina meza moja, birika la kahawa na choo ambacho ukikitumia kila mtu anajua. Tulimchagua Merle Stannard kuwa msemaji kabla hajakaa. Merle ni jirani yetu, mwenye msitu mkubwa wa miti ya sukari kuliko wote mlimani, na ndiye aliyekuwa akinipa lifti kila asubuhi kwa sababu gari letu halipandi kilima wakati wa matope. Ni mtu mwema. Babu yangu alipofariki, Merle ndiye aliyetupasulia kuni majira yote ya baridi na hakutaka hata keki.

"Jamani, tusizungushane," alisema. "Askari amevunjika mkono. Mkono hauvunjiki wenyewe."

"Wa shemeji yangu ulivunjika wenyewe," Duane alisema. "Alikuwa anajaribu kuvaa soksi."

Watu walicheka. Merle naye alicheka, akazunguka meza akiuliza mmoja mmoja. Ana hatia. Ana hatia. Ana hatia, nadhani. Mwingine alisema hajui lakini atafuata wengi. Bernadette alisema, "Kama mmeshaafikiana, mimi sina neno." Macho yake yalikuwa yamevimba.

Ilipofika zamu yangu nilisema, "Mimi naomba kuuliza kitu."

"Uliza, mwanangu."

"Wakili alipomuuliza Coburn kama alikuwa amemshika Remy shati, alijibu hakumbuki."

"Nani hakumbuki?" aliuliza Duane.

"Coburn."

"Alisema hivyo?" Bernadette alishtuka. "Lini?"

Niliwatazama wote, na ndipo nikaelewa kwamba katika watu kumi na wawili, huenda ni wawili au watatu tu tuliokuwa ndani ya ile mahakama. Wengine walikuwa kwenye ng'ombe wao, kwenye watoto wao, kwenye miti yao. Walilazimishwa kuleta miili, wakaileta.

"Mtu akikushika shati, ukajivuta, naye akateleza," nilisema, nikiiambia meza, "hiyo si kusukuma."

"Tess, ulikuwepo?" aliuliza Merle, kwa upole.

"Hapana."

"Basi."

"Na wewe hukuwepo, Mzee Merle."

Duane alipiga mluzi. Nilihisi uso wangu ukiwaka hadi kwenye nywele. Sijawahi kumjibu Merle Stannard maishani mwangu.

"Tunaweza kumwomba jaji tusomewe tena maneno ya Coburn," nilisema haraka, kabla sijaishiwa.

Chumba kizima kiliguna. Mmoja alisema wakianza kusoma tutazeekea pale. Mwingine alisema mtoto wake yuko kwa mtu asiyemjua vizuri, na tangu jana hajala. Na Merle akaniinamia, akashusha sauti, akasema jambo ambalo lilikuwa kweli.

"Bibi yako yuko peke yake na zile ndoo. Unaijua nyonga yake. Jua lote hili, unadhani leo nani anazibeba kwenye theluji?"

Nilimwona Bibi akilini. Nilimwona akishuka bondeni na ndoo mbili zimejaa, akishika mti huu na mti ule.

Merle akanyooka. "Anayepinga anyooshe mkono."

Mkono wangu ulikuwa mezani. Uliinuka hadi usawa wa kikombe cha kahawa, ukaishia hapo. Viti vilikuwa vimeshaanza kuburutwa, Bernadette alikuwa na mkono mmoja ndani ya koti, na Duane alikuwa ameshabonyeza kengele ya kumwita mlinzi.

"Basi, imepita," alisema Merle, akatia sahihi.

Tulirudi mahakamani. Merle alisimama akasoma, "Ana hatia," na nyuma kabisa mwanamke mmoja alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyaga kitu pekupeku. Alikuwa mama yake Remy. Remy mwenyewe hakutikisika. Alitazama tu mikono yake iliyochomoza kwenye lile koti fupi, kana kwamba ndiyo iliyokuwa ikishtakiwa.

Bi Haskell akasimama, akapangusa pua. "Mheshimiwa Jaji, naomba wajumbe waulizwe mmoja mmoja."

Ni haki ya mshtakiwa, na nasikia mara nyingi huwa ni desturi tu. Karani akaanza. Mjumbe wa kwanza, je, huu ndio uamuzi wako? Ndiyo. Mjumbe wa pili? Ndiyo. Zile ndiyo zilikuja zikifuatana kama matone ya bomba la nje, na kila moja ilinisogelea. Nilijiambia niseme tu. Neno lenyewe ni fupi. Ndoo za Bibi. Kuni za Merle. Kila mtu anataka kwenda nyumbani, na nani atakumbuka?

"Mjumbe wa tisa, je, huu ndio uamuzi wako?"

"Hapana," nilisema.

Karani aliinua kichwa. "Samahani, sijasikia."

Kwa hiyo ilinibidi niseme mara ya pili, na kwa nguvu. Tangu shule ya msingi walimu walikuwa wakiniambia niongeze sauti, na sikuwahi kuweza. Siku ile niliweza.

"Nimesema hapana. Huu si uamuzi wangu."

Jaji Aldrich aliondoa miwani. Ni mwanamke mrefu, mwenye mvi, na hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyeamshwa. "Bi Charbonneau," alisema, "mlipokuwa ndani ulikubaliana na wenzako?"

"Sikukubali. Sikunyoosha mkono kwa haraka ya kutosha, Mheshimiwa. Lakini sikukubali."

Nyuma ya shingo yangu nilihisi pumzi za watu kumi na mmoja. Jaji alisema uamuzi usio wa wote si uamuzi, turudi kesho asubuhi tuendelee, na mtu yeyote asizungumze juu ya shauri hili nje. Akagonga nyundo.

Nilipofika maegeshoni, gari la Merle lilikuwa limeshaondoka.

Nilisimama pale kwenye matope nikijaribu kutolia, hadi Bernadette akasimamisha gari lake kuukuu mbele yangu. "Panda," alisema. "Nakupitisha kwenu kisha naenda kazini."

Kwenye kila kilima moshi mweupe ulikuwa ukipanda kutoka kwenye vibanda vya kuchemshia, na hewa iliyoingia dirishani ilinukia sukari.

"Haturuhusiwi kuzungumza juu ya shauri," alisema Bernadette.

"Sawa."

"Basi sizungumzi. Ila niambie kitu kimoja. Nilikoroma?"

Nilifikiria kumdanganya. "Kidogo tu."

"Mungu wangu." Akabadilisha gia. "Niliwaandikia barua, unajua? Kwamba nafanya kazi usiku. Walijibu kwamba mahakama inakaa mchana, kwa hiyo hakuna mgongano."

Alicheka, nami nikacheka, tukacheka hadi akakosa njia ya kwetu na ikabidi ageuze gari.

Bibi alikuwa jikoni, buti zake zimelowa hadi magotini, mguu juu ya kiti. Habari zilikuwa zimenitangulia. Mlimani kwetu habari hazihitaji gari.

"Umesema hapana mbele ya jaji," alisema. "Wewe. Wewe ambaye huwezi kumwambia muuza nyama kwamba nyama yake inanuka."

"Umebeba ndoo?"

"Nimebeba nne. Nyingine zinamwagika. Nazisikia kutoka hapa." Hakuwa anatania. Kukiwa kimya, ungeweza kusikia matone yakigonga theluji chini ya ndoo zilizojaa. "Merle amepita. Amesema unashikilia watu kumi na mmoja wasirudi kwenye kazi zao kwa sababu ya kijana usiyemjua."

"Ndiyo, simjui."

"Sasa?"

"Sasa Bibi, ndiyo maana siwezi kumfunga."

"Kesho sema ndiyo, urudi mapema. Watu kumi na mmoja hawawezi wote kuwa wajinga."

"Si wajinga. Wana haraka."

"Na mimi sina haraka? Huo utomvu ndio kodi ya ardhi, Tess. Ndio mafuta ya kupashia nyumba."

Nilipiga magoti nikamvua buti. Mguu wake ulikuwa wa baridi kama samaki. Niliusugua kwa mikono miwili, nikalia kidogo juu yake, na yeye akaniacha nilie, lakini hakusema kwamba nimefanya vyema, wala sikumwona akifikiria hivyo.

"Kesho sitasema ndiyo," nilisema nilipomaliza kulia.

"Kichwa kigumu," alisema Bibi. "Hicho hukukitoa upande wangu."

Nikachukua taa, nikatoka kwenda kuokoa ndoo nilizoweza kabla ya chakula cha jioni.

Asubuhi, kwenye chumba cha juri, hakuna aliyeniachia nafasi mezani, kwa hiyo nilivuta kiti mwenyewe. Merle alikuwa hajanyoa. Ukosi wake ulinuka moshi. Alikuwa amechemsha usiku kucha, baada ya siku nzima mahakamani. Nilimwonea huruma na sikubadilika.

"Haya," alisema. "Unataka nini?"

"Nataka tusomewe maneno ya Coburn."

"Na tukishasomewa?"

"Nitasikiliza. Sijui zaidi ya hapo."

"Hujui!" Alipiga meza kwa kiganja. "Watu wanapoteza mavuno ya mwaka kwa sababu binti mmoja hajui!"

"Hata mimi nayapoteza," nilisema. "Bibi yangu alibeba ndoo nne jana, na leo hawezi kusimama. Yule kijana hakutupangia Machi, Mzee Merle. Ilipanga mahakama. Novemba tulikuwa na kulungu, Krismasi tulikuwa na Krismasi, sasa tuna utomvu. Kila mara sisi ndio wenye shughuli, na yeye ndiye anayekaa ndani. Kama mmechoka kulazimishwa, mkasirikieni aliyewalazimisha. Msimlipizie yeye."

Sikujua kama nilikuwa na maneno mengi hivyo. Duane aliacha kuchezea kikombe.

"Kumi na mmoja kwa mmoja," alisema Merle, akiwa amechoka.

"Basi andika hivyo umpelekee jaji."

Aliandika. Tukaitwa. Jaji Aldrich alisoma kile kikaratasi, akanitazama mimi peke yangu, na mahakama nzima ikageuza vichwa kama ng'ombe wanaposikia lango.

"Bi Charbonneau, ukipewa muda zaidi, unaona unaweza kufikia uamuzi pamoja na wenzako?"

Nilishika ukingo wa mbao mbele yangu.

"Kama ni muda wa kusikiliza, Mheshimiwa, ndiyo. Kama ni muda wa kunichosha nikubali, hapana. Hata tukikaa hadi majani yatoke."

Mtu alicheka kule nyuma, akanyamazishwa. Jaji hakucheka. Aliuliza ni nini tunachotaka kusikia, nikamwambia. Merle alifungua mdomo, kisha akaufunga, kwa sababu msemaji wa juri hawezi kusimama mbele ya watu na kusema hatutaki kusikia.

Mwandishi wa mahakama alisoma kwa sauti bapa, isiyo na chumvi, swali baada ya jibu. Nje jua lilikuwa kali na bomba la paa halidondoshi tena, linamimina. Hakuna aliyelitazama, au waliotaka kulitazama walijizuia. Bernadette alikuwa amekaa mbele kabisa ya kiti chake, akijifinya nyama ya mkono kila macho yalipomlemea. Nilimwona. Alijifinya hadi alama nyekundu zikatokea.

"Swali: Kabla hujaanguka, ulikuwa umemshika mkono wa shati? Jibu: Sikumbuki. Swali: Je, inawezekana ulikuwa umemshika? Jibu: Inawezekana."

Hilo la pili hata mimi nilikuwa sijalisikia. Lilipoulizwa, nilikuwa nikigeuka kuwatazama wenzangu.

Bernadette aliweka kiganja mdomoni.

Tuliporudi chumbani hakuna aliyekimbilia kengele. Duane ndiye aliyeanza. "Mimi jana nilikuwa nahesabu ng'ombe kichwani," alisema. "Sitawadanganya. Ningemfunga mtu huku nahesabu ng'ombe." Akavuta kiti chake kikawa karibu na changu. Bernadette alisema, "Sina hakika tena, na sitaki kuwa na hakika kwa sababu ya usingizi." Wengine wawili walikuja upande wetu polepole, kama watu wanaoingia kwenye maji ya baridi. Waliobaki hawakuja. Merle alisema Inawezekana si Ndiyo, na kwake mkono uliovunjika ulikuwa bado umevunjika. Lakini sasa alikuwa anabishana, anauliza, anarudi nyuma, anataka kujua ngazi ilikuwa na vipandio vingapi. Tulibishana hadi alasiri. Kwa mara ya kwanza tulikuwa juri. Na tulikuwa saba kwa watano, na hakuna aliyesogea tena.

Jaji alituuliza mara moja zaidi, akatuachilia. Juri limeshindwa kuafikiana. Mwendesha mashtaka akasimama papo hapo, akasema serikali italirudia shauri hili. Kurudia. Juri jingine, sherifu tena dukani, msimu mwingine wa kitu kisichongoja. Nilikuwa nimemnunulia Remy kungoja kwingine tu.

Bi Haskell alikuwa ameshasimama. "Mheshimiwa, mteja wangu hajahukumiwa kwa lolote, na tangu Oktoba yuko ndani kwa sababu kaunti hii haikuweza kupata watu kumi na wawili wa kumsikiliza. Asingojee tena ndani."

Mwendesha mashtaka alipinga. Jaji Aldrich alimsikiliza hadi mwisho, akavaa miwani.

"Kungoja huko hakukusababishwa na Bwana Boucher," alisema. "Atangojea nyumbani kwa mama yake, na atakuja atakapoitwa."

Kule nyuma yule mwanamke alitoa sauti tena, lakini hii ilikuwa nyingine.

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nje nikimngojea Bernadette alete gari, Remy alipotoka na mama yake. Walikuwa wamemrudishia nguo alizokamatwa nazo, shati jembamba la Oktoba, na kwenye kiwiko kimoja mshono ulikuwa umefumuka. Mama yake alikwenda kuwasha gari. Yeye alisimama akipepesa macho kwa jua, na aliponiona nilitaka kujificha nyuma ya nguzo. Lakini nilikuwa nimechoka kujificha.

"Wewe ndiye wa tisa," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unaniamini?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Alikuwa mwembamba sana, na mshono ule ulikuwa wazi mbele yangu, nami sikujua ulifumuliwa na nani wala lini.

"Sijui," nilisema. "Sitakudanganya. Sijui ulifanya nini. Lakini hawakuwa wamekusikiliza, na sikukubali."

Nilidhani atakasirika, na kama angekasirika ningesema vilevile.

"Mama ataniuliza umesema nini," alisema.

"Mwambie hivyohivyo."

Akatikisa kichwa kukubali, akashuka ngazi taratibu, akishika chuma cha pembeni, kwa maana kivulini barafu ilikuwa bado haijayeyuka.